Maji ya Pili ya Bi Povu

Shangazi yangu analichukia povu. Jambo hili huwashangaza wengi, maana uwanja mzima unamwita Bi Povu, jina alilobandikwa na watoto walioona dobi wakadhani kazi yake ni kutengeneza mapovu. Mpe mtu mwingine shati lako, alifue kwenye beseni lililofura povu mpaka ukingoni, nawe utasifu kwamba huyo anajua kazi. Shangazi atasema huyo anajua kumaliza sabuni. Sabuni ikizidi kijiko kimoja tu, anasema, utaitafutia ndoo nzima ya kuiondoa, na nguo haitakuwa safi kuliko ilivyokuwa.

Ni dada mkubwa wa baba yangu. Mfupi, mpana wa mabega, na ncha za vidole vyake zimekunjamana hata siku asizofua. Ujana wake aliumalizia katika chumba cha kufulia cha hospitali, akisugua shuka pamoja na wanawake wengine, mpaka hospitali ilipoleta mashine na kuwaambia wanawake asanteni. Aliolewa, akaachika, na akiulizwa husema yote mawili yalimsaidia. Tangu hapo anafua nyumbani. Mteja wake mkubwa ni nyumba ya wageni iliyo mtaa wa nyuma, ambayo humletea shuka na taulo zake, na kodi ya chumba chetu hutoka humo. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, alinipa godoro na sharti moja: nioge nikiwa nimesimama ndani ya beseni.

Nilidhani ananitania.

"Sikutanii," alisema. "Ukiogea sakafuni, maji yanakwenda mtaroni yakiwa yamefanya kazi moja tu. Wewe umesoma miaka yote hiyo uje ufanye kazi moja tu?"

Ndivyo nilivyoingia katika utaratibu wake. Kwake kuna maji ya kwanza, maji ya pili na maji ya tatu, na hakuna maji yanayoruhusiwa kuondoka nyumbani kabla ya kuwa ya tatu. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni ya pili, yanakwenda kwenye makopo ya mchicha dirishani. Vyombo havioshwi chini ya bomba: unakwangua mabaki, unafuta mafuta kwa karatasi kuukuu, kisha unaviosha ndani ya karai ukianza na glasi na kumalizia na sufuria lililoungua. Meno ni kikombe kimoja, na kikombe chenyewe si kile kikubwa. Kila pipa lina kifuniko, kwa sababu ya mbu na kwa sababu jua nalo lina kiu.

Kwenye kufua ndiko utakakoona akili yake inavyotembea. Nguo chafu huziloweka kwanza kwenye maji kidogo, ziwe zimebanana kama abiria, na kola na vikwapa huvipaka sabuni ya mche kabla havijagusa maji. Maji ya mwisho ya kusuuzia shuka nyeupe hayamwagwi, yanakuwa maji ya kwanza ya kusuuzia nguo za rangi. Yakitoka hapo yanaloweka mazulia na suruali za mafundi. Yakishakuwa ya kijivu kabisa, huyabeba kwa ndoo hadi nyuma ya uwanja na kuyamimina kwenye mapipa mawili yaliyo kando ya choo. Maji yenye dawa ya kung'arishia hayagusi mchicha hata kwa bahati mbaya. Siku moja nilitaka kuumwagia mche wa pilipili maji hayo, akanipiga kofi mkononi. "Unataka kuukausha au kuung'arisha?"

Haya yote alikuwa akiyafanya hata miaka ya mvua. Kwa hiyo ukame ulipokuja, nilidhani sisi ndio tutakaoumia wa mwisho. Nilikosea. Tuliumizwa wa kwanza.

Uwanja wetu una vyumba sita vinavyotazamana, na katikati kuna tangi moja kubwa juu ya jukwaa la saruji. Mvua zilipokosa msimu wa pili mfululizo, bomba la mji likawa linafunguliwa mtaani kwetu Alhamisi tu. Siku hiyo tangi linajaa, na hilo ndilo la vyumba vyote mpaka Alhamisi nyingine. Huku nyuma, kwenye njia panda, bomba kubwa lilikuwa limepasuka na maji safi yanatiririka mtaroni asubuhi na jioni. Nilikwenda ofisi ya maji nikaambiwa taarifa imepokelewa. Nikarudi tena, nikaambiwa taarifa bado imepokelewa. Nalisema wazi bila kupepesa: mji unaoacha mto upite barabarani kisha unamwambia mama mwenye watoto apunguze kuoga, huo si mji wenye uhaba wa maji, ni mji wenye uhaba wa aibu. Lakini mto wa barabarani hauna mtu wa kugombana naye. Uwanjani kuna watu, na watu wanagombana na yule wanayemwona.

Wanayemwona kila siku ameinama juu ya beseni alikuwa ni Shangazi.

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri, kila mmoja na kigoda chake. Aliyekiitisha alikuwa Kinyozi, jirani wa chumba cha pili, ambaye tulimkabidhi ufunguo wa tangi kwa kuwa ana sauti kubwa na saa ya mkononi. Hufungua asubuhi na jioni, watu wakachota.

"Jamani, tusizungukane," alianza. "Sote hapa tunachota maji ya kunywa, kupika na kuoga. Mmoja wetu anachota maji ya biashara."

"Na wewe vichwa vya wateja unavilowesha kwa mate?" nilimuuliza.

"Kijana, kibanda changu kina bomba lake. Sijachukua hapa hata tone."

"We nyamaza," Shangazi akaniambia. "Mwache kaka amalize."

Mama Pacha, mke wa dereva wa lori, alikuwa amepakata mtoto mmoja na mwingine amemshika mguu. "Mimi sina ubaya na Bi Povu," alisema. "Nguo za hawa alinifulia bure nilipojifungua, sijasahau. Lakini jana wanangu wameoga kwa kikombe kimoja. Kimoja! Mmoja kaoga mbele, mwingine kaoga nyuma."

Watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka, lakini hakuyarudisha maneno yake. Bibi wa chumba cha kona, ambaye husikia anachotaka kusikia, alitikisa kichwa kukubaliana na kila aliyesema. Mikono ikanyanyuliwa. Ikaamuliwa kwamba mpaka mvua zitakaporudi, Shangazi asifue nguo za watu. Ndoo zake ziwe kama za chumba kingine chochote. Akikaidi, Kinyozi atampelekea mwenye nyumba taarifa, na mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine.

"Mmemaliza?" aliuliza Shangazi.

"Tumemaliza, dada."

"Haya. Nikifua nitaitwa mwizi, nisipofua nitaitwa maskini. Bora maskini, nimeshazoea kuitika."

Akasimama, akabeba kigoda chake. Nilimfuata ndani nikiwa nachemka. Nilitaka turudi tukabishane, nilikuwa na hoja zangu zote mdomoni: haki ya mtu kufanya kazi, bomba la njia panda, udhalimu wa wengi. Akaniambia niyaweke maneno yangu pamoja na mabeseni, akanionyesha pa kuyafunika yote.

Kesho yake alikwenda kumweleza msimamizi wa nyumba ya wageni. Huyo alimsikiliza kwa adabu, akasema atamsubiri kidogo, ila wageni hawawezi kulala juu ya godoro tupu. Shangazi akaelewa hilo "kidogo" lina urefu gani. Nyumbani alianza kupunguza: sukari kwanza, kisha mafuta, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama lile shauri langu la kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni limefikia wapi. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa mchana bila kuwa na kitu mikononi. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa kilekile.

Uwanja nao ukabadilika. Watu walipoona kamba hazina shuka, walihisi kana kwamba tangi limeongezeka. Walilegea. Kinyozi aliosha pikipiki yake Jumamosi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ukame uanze, tena kwa mpira wa maji kutoka kwenye tangi. Mama Pacha aliwaogesha pacha wake mbele na nyuma. Bibi wa kona alimwagia vumbi la mlango wake maji asubuhi na jioni ili lisimpande puani. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Kila mmoja alikuwa anatumia kidogo tu cha kile alichoamini kwamba Shangazi amekiacha.

Jumanne tangi likakauka.

Haijawahi kutokea. Hata Shangazi alipokuwa akifua mpaka mikono inakufa ganzi, tulikuwa tunafika Alhamisi na maji ya kubahatisha chini. Sasa lilikauka Jumanne, na vyumba sita vikatazamana na siku mbili kavu. Mapema asubuhi Kinyozi alisimama mlangoni kwetu, nyuma yake Mama Pacha na wengine, ndoo tupu mikononi.

"Dada, hodi. Tufungulie tuone mabeseni."

"Karibuni," alisema Shangazi. "Viatu mvulie nje."

Mabeseni yalikuwa yamepangwa ukutani, midomo chini. Kinyozi alibinua la kwanza. Akatoka mende. Akabinua la pili. Kavu, lina vumbi. Akainua kifuniko cha pipa letu la ndani, akakuta maji yamefika nusu, maji yetu halali ya ndoo za asubuhi na jioni, yaliyobaki kwa sababu sisi tunaogea ndani ya beseni.

"Haya ndiyo hayo!" alisema. "Wenzako wote wamekauka, wewe una nusu pipa. Umeyatoa wapi?"

"Nimeyaacha kuyatumia," alisema Shangazi.

"Unafua usiku."

"Naanika wapi, kaka? Chini ya kitanda?"

Hapo nilishindwa kujizuia. Niliwaambia wote kwamba ni waoga, kwamba wanamvamia mwanamke mmoja kwa sababu wanaiogopa ofisi ya maji. Sijutii hata neno moja, ila hayakusaidia. Kinyozi alisema mwenye nyumba atasikia habari hizi leo hii, na kabla ya mwisho wa mwezi chumba kitakuwa na mtu mwingine. Shangazi aliketi kitandani. Uso wake haukubadilika, lakini niliona mikono yake imeshika ukingo wa godoro, na nikajua kwamba ameamini.

Aliyeuvuruga mkutano huo alikuwa Mama Pacha, tena bila kukusudia. Alikuwa anajitetea asije akaulizwa yeye.

"Mimi matumizi yangu yanajulikana," alisema. "Ndoo ya kupikia, ndoo mbili za watoto, na ndoo ya choo. Basi."

"Ndoo ya choo?" nikauliza. "Ya choo unaichota kwenye tangi?"

"Kwani wewe unachota wapi? Mbinguni?"

Kinyozi akasema hata yeye ana ndoo ya choo. Mbili, akajisahihisha, maana ana mgeni. Bibi wa kona, ambaye hatukujua kama anasikia, akasema yeye ni tatu, tumbo lake si la kuaminika siku hizi. Kila mtu alikuwa na ndoo ya choo. Watu wakaanza kufanya hesabu bila kutaka kuonekana wanahesabu.

"Zamani maji ya choo tulikuwa tunachota wapi?" aliuliza Mama Pacha polepole.

"Kwenye mapipa ya kule nyuma," Kinyozi akajibu.

"Yale mapipa alikuwa anajaza nani?"

"Si maji ya mvua yale? Yanatoka kwenye paa."

Mama Pacha akamgeukia mzima mzima, na mtoto wake mkononi. "Mvua ipi?"

Kinyozi akachungulia nje, kwenye paa.

"Nakuuliza, kaka. Misimu miwili hii, mvua ipi? Hebu nionyeshe hiyo mvua iliyonyesha chooni peke yake!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi wa kona, kisha tukacheka wote isipokuwa Kinyozi na Shangazi. Shangazi alikuwa anatutazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Mimi napita nayo hapo mbele yenu kila siku, ndoo kichwani."

Tulikuwa tunamwona, naam. Hata mimi niliyembebea ndoo hizo mara nyingi sikuwahi kuyahesabu kama maji. Kwetu yalikuwa uchafu wa dobi unaokwenda kutupwa. Choo chetu ni cha kumwagia, na kwa muda wote huo uwanja mzima ulikuwa unakisafisha kwa maji yaliyokwisha kusuuza shuka, kuloweka mazulia na kufanya kazi zake zote. Tulipomzuia kufua, tulijikatia bomba letu wenyewe, kisha tukaanza kumimina maji ya kunywa chooni na kumtafuta mwizi.

Naye kwa nini hakutuambia siku ya kikao? Nilimuuliza baadaye. Alisema aliambiwa anamaliza maji ya watu, na mtu akiambiwa hivyo hawezi kuanza kusifia maji yake machafu.

Kinyozi alikohoa. Mtu mwenye sauti kubwa hupata tabu sana anapotafuta ile ndogo. "Basi, dada," alisema, "Alhamisi maji yakija, fua."

"Sifui."

Akainuka kitandani.

"Sifui mpaka tukae tena, kwa vigoda, kama mlivyokaa. Mlinizuia hadharani, mtaniruhusu hadharani. Halafu mnisikilize. Maji yangu peke yake hayatoshi kile choo, kwanza kuna mtu hapa ana mgeni." Bibi wa kona akaangua kicheko tena. "Kila mtu aogee ndani ya beseni. Maji ya kuogea yaende kwenye mapipa, ya wanaume pia. Pikipiki ifutwe kwa kitambaa. Bibi, vumbi la mlangoni mwagia maji uliyooshea vyombo. Na lile bomba la tangi linadondoka tangu mwaka jana. Kaka, una ufunguo lakini huna kipira cha kuzuia bomba lisivuje?"

"Nitanunua," alisema Kinyozi.

Tulikaa jioni ileile. Hakuna aliyepinga, isipokuwa Kinyozi aliyeuliza kama mwanamume mtu mzima anaweza kweli kukatiza uwanja akiwa na beseni la maji aliyoogea. Mama Pacha akamwambia asiwe na wasiwasi, watamfumbia macho. Hawakumfumbia. Ijumaa asubuhi alipotoka bafuni na taulo kiunoni na beseni mikononi, akitembea kwa hatua ndogo ndogo ili yasimwagike, vyumba vyote vilikuwa vimekwisha kufungua milango, na pacha wakamsindikiza kwa makofi. Alipofika kwenye mapipa aliinamisha kichwa kama mwigizaji jukwaani. Tangu siku ile sikumchukia tena.

Kabla ya Ijumaa hiyo, hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo kikao chetu hakikuweza kuliamua. Jumatano nilikwenda na Shangazi kwenye nyumba ya wageni. Msimamizi alikuwa kwenye meza yake ya mapokezi, feni inazunguka juu yake, na kando ya mlango kulikuwa na gari dogo la kampuni ya kufulia kwa mashine likipakia shuka. Shuka zetu. Nilizitambua kwa pindo la bluu.

"Nilikusubiri, mama," alisema msimamizi. "Nimeshindwa. Hawa wamechukua shuka. Zimebaki taulo na vitambaa vya meza, kama unavitaka."

Nilikuwa na la kusema kuhusu mashine ile, inameza maji kiasi gani kila inapozunguka na yanakwenda wapi yakitoka. Shangazi alinikanyaga mguu.

"Taulo ngapi?"

"Zote. Ila nazihitaji kesho kutwa asubuhi."

"Kesho Alhamisi ndiyo siku ya maji. Nitafua mchana, zitakauka Ijumaa na jua. Utazipata Ijumaa jioni."

"Wao wananiletea siku ileile, mama."

"Najua."

"Ungekuwa unachukua maji zaidi ungewahi."

"Ningewahi," alisema Shangazi. "Lakini kule kwetu tuko vyumba sita, na nimetoka kuwaeleza watu wazima kila tone liende wapi. Siwezi kesho nikachote tofauti. Ijumaa jioni. Kama haikufai, wape hao wenye gari."

Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa. Kodi ilikuwa mlangoni, sukari ilikuwa imekwisha, naye anamwekea mteja masharti. Msimamizi aligonga gonga kalamu mezani. Nje dereva wa lile gari dogo alifunga mlango wa nyuma, akaondoka na pindo za bluu.

"Zikichelewa hadi Jumamosi sizipokei."

"Zikichelewa hadi Jumamosi sitazileta."

Akamwita mhudumu azitoe. Zilikuja katika mafurushi mawili, nzito, bado zina unyevu wa miili ya wageni. Shangazi alilifungua moja palepale sakafuni, akazipekua haraka, nyeupe huku, za rangi kule, akitenga pembeni zilizo na madoa ya mafuta ya nywele. Msimamizi alimwambia si lazima afanye kazi hiyo hapo.

"Nikijua sasa nazianzia wapi," alisema bila kuinua kichwa, "kesho sitahitaji ndoo ya kubahatisha."

Akafunga furushi la nyeupe, akanipa mimi lile lililo zito zaidi, akatangulia kutoka.